Ramani ya Ziwa Nyuma ya Kioo

Ipo asubuhi moja ya Ijumaa, mwanangu, ambayo nimetembea nayo tangu nikiwa msichana hadi leo nywele zimegeuka pamba. Nakumbuka ziwa lilivyotulia siku hiyo, jua likipiga juu ya maji hadi macho yakakataa kutazama, na sauti za waimbaji zikitoka ufuoni kwetu na kusogea mbali kidogo kidogo. Lakini nikianza hapo utapotea. Mwenda pole hajikwai. Niache nianzie nyumbani, kwenye ukuta wa sebule ya baba.

Wewe umenijua hapa Uriri, nikipalilia mahindi na kugombana na ng'ombe wa watu. Ndoa ndiyo iliyonileta huku. Mimi ni mtoto wa Takawiri, kisiwa cha Ziwa Viktoria ambacho ukipanda juu ya mawe yake unaona maji pande zote. Kabla sijajua kushika jembe nilijua kushika kasia.

Baba yangu alishika usukani kwenye meli za ziwa, zile zilizotoka Kisumu zikatia nanga Homa Bay, kisha zikaenda zake Mwanza na Bukoba. Kazi hiyo ilimpa heshima kubwa. Alipostaafu hakuja na redio wala baiskeli kama wenzake. Alikuja na ramani. Meli ilikuwa imepewa ramani mpya, na ile ya zamani ingetupwa, basi nahodha wake akamwambia aichukue. Baba akaitia kwenye fremu yenye kioo, akaipigilia ukutani mahali ambapo mgeni akiingia tu ataiona kabla hajapewa kiti.

Ilikuwa ramani ya zamani kweli, ya siku ambazo reli ilikuwa ndio kwanza imefika ziwani. Wapimaji walizunguka kila ghuba na kila kisiwa wakiwa kwenye chombo kidogo, wakitupa majini kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni, na kila walipotupa waliandika kina chake. Nchi kavu waliiacha karibu tupu. Palipo na vilima vyetu palikuwa na mistari michache tu, lakini maji yalijaa namba kama mtama uliomwagwa. Namba hizo zilikuwa za pima, na pima moja ni urefu wa mikono ya mtu mzima akiinyoosha yote miwili. Kisiwa chetu kilikuwepo, jina lake limeandikwa vibaya. Kandokando ya ufuo kulikuwa na majina ya vijiji, na mahali meli zilipotia nanga kuchukua kuni.

Vijiji vingine kati ya hivyo havipo tena. Ugonjwa wa malale uliwamaliza watu, na waliobaki serikali ya wakoloni iliwahamisha ili wasifie karibu na maji. Nyanya yangu, mama yake baba, ambaye sote tulimwita Dani, alizaliwa katika kimoja cha vijiji hivyo, upande wa bara. Alitolewa huko akiwa mgongoni mwa mama yake. Hakubaki mtu wa kumwonyesha nyumba yao ilisimama wapi. Msitu uliota, basi.

Siku baba alipomwonyesha jina la kijiji hicho kwenye ramani, Dani alisogea karibu. Hakujua kusoma. Aliuliza, "Ni hapa?" Baba akasema ni hapo. Dani akainua kiganja chake, akakiweka juu ya kioo kama mtu anayepima joto la mtoto mgonjwa. Na baba, mwanangu, akamwambia, "Mama, usiguse, utaacha alama." Kisha akachukua kitambaa akafuta.

Nilikuwa nimeketi pale pale nikichambua omena, dagaa wetu wa ziwani. Nilimwona Dani akirudisha mkono wake chini ya shuka.

Usidhani baba alikuwa mtu mbaya. Alitulea, alitusomesha, hakunywa, hakumpiga mama. Siku ya Sabato alikaa benchi la mbele kanisani. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja. Alichojua yeye alitaka kiwe chake peke yake, kama mtu anayekula nyama akiwa amefunga mlango. Mgeni akija angemzungusha kwenye ramani: hapa maji ni haya, pale upepo hugeuka hivi. Halafu angemwonyesha msalaba mdogo uliozungukwa na nukta, upande wa nje wa kisiwa chetu. "Huo ni mwamba," angesema. "Uko chini ya maji. Tukifika hapo, nahodha mwenyewe alikuwa anakuja kusimama karibu nami." Mgeni angetikisa kichwa kwa mshangao, akanywa chai yake, akaondoka. Wavuvi wa ufuoni hawakuwa wageni wa aina hiyo. Hao baba aliwasalimu akiwa mlangoni.

Sasa, mitumbwi ya kasia na tanga haikuujua mwamba ule. Ilikuwa myepesi na ilipenda kufuata ufuo. Tena miaka ya karibu na Uhuru mvua kubwa zilikuwa zimelijaza ziwa, mwamba ukazama zaidi. Wavuvi walichojua ni kwamba mahali fulani kule nje nyavu huchanika. Wengine walisema kuna mti mkubwa uliozama, na wengine walitaja mambo ya mizimu. Walipaepuka, wala hawakuwa na sababu ya kumwambia baba, kwani mtu hampelekei habari anayemsalimu mlangoni.

Kisha ikaja miaka ya ukame. Ziwa likaanza kurudi nyuma. Mawe tuliyokuwa tukifulia nguo yakabaki juu kabisa yakiwa na mstari mweupe, nasi tukawa tunayafuata maji. Na katika miaka hiyo hiyo ndipo injini zilipoanza kuingia kisiwani.

Kijana wa kwanza kwetu kupewa boti kubwa ya injini aliitwa Onyango. Boti ilikuwa ya mjomba wake wa bara, lakini yeye ndiye aliyeiendesha, akibeba watu na samaki kwenda Homa Bay. Alikuwa mtaratibu, mrefu, mwenye aibu kidogo. Nitakuambia ukweli kwa kuwa babu yako alijua na sasa amelala kaburini: tulikuwa tumeanza kuzungumza, mimi naye, na mama alikuwa amekwisha tambua.

Jioni moja Onyango alikuja nyumbani. Nilidhani amekuja kwa ajili yangu. Kumbe alimtaka baba. Alivua viatu nje, akasimama hapo hapo kizingitini na kofia mkononi.

"Mzee wangu," alisema, "nimesikia una ramani ya maji. Mimi hii njia ya nje siijui vizuri. Injini inakula mafuta nikizunguka kwa kufuata ufuo. Ningeomba nione tu, unielekeze."

Baba alimtazama kuanzia kofia hadi miguuni. "Umetoka kushusha samaki?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi unanuka samaki. Na hiyo si ramani ya mitumbwi. Hiyo ni ya meli. Mtu huisomea miaka."

"Sitaigusa, mzee. Nitaangalia tu kwa macho."

"Ukiangalia utaona nini? Nenda, kijana. Maji ni maji."

Onyango akasema asante. Ndiyo, alisema asante, kwa sababu alilelewa vizuri. Aliinama akavaa viatu. Hakunitazama. Tangu hapo akawa anapita njia ya nje kwa kukisia.

Siku chache baadaye tulikuwa tunakula ugali na samaki wa ngege, baba, mama, Dani, mimi na mdogo wangu Awuor. Baba alikuwa ametoka kutembea kando ya maji. Akamega tonge, akasema, kama mtu anayeongea habari za hali ya hewa, "Ziwa likiendelea kushuka hivi, hawa wenye injini watakuja kulia." Mama akauliza kwa nini. Baba akasema, "Wataona wenyewe." Akaomba chumvi. Mazungumzo yakaishia hapo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na lile lilikuwa tayari lipo, limekaa chini ya maji linangoja.

Mwezi ule kulikuwa na makambi ya kanisa upande wa bara, karibu na Homa Bay. Awuor alikuwa mwimbaji. Alikuwa na sauti nyembamba ambayo ungeisikia hata kwaya nzima ikiimba. Mama alimshonea gauni jeupe la kwaya, pindo refu, kitambaa kizito kwa kuwa ndicho kilichopatikana. Baba mwenyewe alimpa ruhusa. Mimi nilibaki kwa sababu Dani alikuwa na homa.

Ndiyo hiyo Ijumaa. Waliondoka asubuhi ili wafike mapema kabla Sabato haijaingia jua likizama. Niliwasindikiza hadi ufuoni. Awuor alikaa karibu na wenzake, wote wamevaa magauni yao ya kwaya, amejifunga kitambaa kichwani, ananipungia mkono kama mtu anayekwenda nchi ya mbali. Onyango alivuta kamba ya injini. Aliniambia, "Nitamrudisha Jumapili." Wakaanza kuimba kabla hata hawajatoka kwenye kina kifupi.

Nilikuwa nimefika nusu ya njia ya kurudi nyumbani wimbo ulipokatika. Wimbo ukiisha hupungua. Huu ulikatika. Nikageuka, lakini jua lilikuwa limelala juu ya maji na sikuona kitu. Kisha nikasikia wanaume wakikimbia kwenye mitumbwi.

Boti, iliyojaa watu kuliko siku zote, ilikuwa imegonga ule mwamba, maana maji yalikuwa yameshuka. Ubao wa chini ulipasuka, injini ikang'oka, boti ikalala ubavu. Wanaume waliokuwa ndani waliogelea, na Onyango alizamia mara nyingi akitoa watu hadi akaanza kutapika damu. Lakini magauni ya waimbaji yalinywa maji. Wasichana kadhaa hawakutoka. Awuor alipatikana siku za baadaye, mbali, kwenye matete ya kisiwa cha Mfangano, na mama alimtambua kwa pindo la gauni alilolishona kwa mkono wake.

Sitasimulia maziko. Wewe una watoto, utayaona mwenyewe akilini.

Nitakalosimulia ni matanga. Watu walijaa uani kwetu. Na mahali penye msiba, mwanangu, watu hutafuta pa kuweka uzito. Wakauweka kwa Onyango. Walisema alikuwa amelewa, yeye ambaye hakuwahi kuonja. Walisema alikuwa anajionyesha kwa wasichana. Baba wa msichana mmoja aliapa kwamba akimwona atamkata. Onyango mwenyewe alikuja, akaketi chini pembeni mwa ua, peke yake, midomo imekauka. Hakujitetea. Alisema tu, "Nilikuwa napita hapo kila siku. Kila siku." Na watu wakamzomea.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Alisikia yote. Hakufungua mdomo. Nami nilimtazama, na mama alimtazama, na nikaona mama akiuma kanga yake kwa meno.

Ndipo Dani akaomba ainuliwe. Homa ilikuwa bado haijamwacha. Wanawake wawili walimshika mikono, akasimama mbele ya mwanawe, mbele ya watu wote, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Mwanangu," alimwambia baba, "mwache huyo kijana. Sema wewe."

Baba akasema, "Mama, keti, unaumwa."

"Nitaketi ukisema. Ule mwamba uliuonyesha kila mtu aliyekunywa chai nyumbani kwako. Huyu alikuja kukuomba, ukamwambia ananuka. Mezani ulituambia watalia. Ulijua maji yameshuka. Haya, tumelia. Mtoto wako umemzika. Sasa unataka kumzika na mtoto wa mwenzako akiwa hai?"

"Mimi kijiji changu kiliisha," Dani akaendelea. "Waliobaki wakakimbizwa. Kilichobaki ni jina, na hilo jina liko ukutani kwako, na hukuniruhusu niliguse. Nilinyamaza, nikasema ni mwanangu, ana madaraka. Lakini kujua kwako kumemsaidia nani? Nitajie mmoja."

Nikamwona baba yangu, mtu wa kuvaa koti hata kwenye jua, akiteleza kutoka kwenye kiti hadi chini kwenye vumbi, kama alivyokuwa ameketi Onyango, akasema, "Ni kweli. Nilijua." Kisha akalia kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia na sijaisikia tena.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema. Mimi naongeza, kuna na kujikwaa kwa kunyamaza, na hakuna dawa yake.

Baada ya matanga baba alivunja fremu. Aliikunja ramani, akashuka nayo ufuoni, akaitandaza juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Mwanzoni hakuna aliyemsogelea. Alikaa hapo asubuhi nzima kama mwuzaji asiye na mteja. Mwishowe mzee mmoja wa nyavu akaja, akauliza msalaba ule ni nini, na baba akamwonyesha. Mzee yule akaweka kidole chenye magamba juu ya karatasi. "Hapa?" akasema. "Hapa ndipo nyavu zetu huchanika tangu zamani." Baba akamwangalia. Nadhani hapo ndipo alipoelewa yote, kwamba nusu ya habari ilikuwa kwake na nusu ilikuwa kwa mtu aliyemsalimu mlangoni miaka yote hiyo, na kati yao kulikuwa na hatua chache tu za mchanga.

Walikwenda wakaupima mwamba kwa mti mrefu. Walifunga pipa tupu kwa mnyororo, likawa linaelea juu yake. Baba alifundisha kila aliyetaka, na ramani ile ikaguswa na mikono mingi hadi ikachanika kwenye mikunjo, ikapigwa mvua, ikaisha vipande vipande. Hakuna boti nyingine iliyopotea pale wakati nikiwa kisiwani. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mama hakumlaumu kwa maneno, ila hakula naye tena meza moja hadi baba alipokufa. Alimwandalia, akaenda kula jikoni.

Na Onyango aliondoka. Watu walimwomba msamaha, akasema sawa, kisha akapanda mtumbwi wa mtu mwingine akavuka kwenda bara, hakurudi. Miaka mingi ilipita. Mimi nilikuwa tayari mama wa watoto niliponunua mabati dukani mjini Suna, nikasikia sauti nyuma ya meza ikiniita kwa jina langu la usichana. Alikuwa amenenepa, amekuwa na mvi. Tuliongea kama watu wa kanisa wanavyoongea. Nikamwuliza kama huwa anafika ziwani.

"Hapana," alisema. "Hata samaki sili."

Mjaluo asiyekula samaki, mwanangu! Nilitaka kucheka ili tucheke wote, lakini nilimwona usoni nikaacha. Alinifungia mabati yangu vizuri, akaita kijana anibebee. Sikumwona tena. Nasikia amezikwa huko huko Suna.

Sasa sikiliza, kwa maana sikukuita hapa upate hadithi ya kulalia. Juzi jirani yetu alikuja kukuuliza kuhusu dawa ya wadudu wa mahindi, wewe uliyesomea kilimo. Nilikuwa jikoni. Nilikusikia ukimwambia, "Hayo ni mambo ya kusomea, mama, hutaelewa." Akasema asante, akaenda. Usiku huo nilishindwa kulala, na nilikuwa nimedhani nimeshamaliza kulilia jambo hili.

Mali ya bahili huliwa na mchwa, na elimu ya bahili huua watu ambao hata hakuwachukia. Ukijua kitu, kitoe kingali na faida. Usingoje uombwe kwa namna inayokupendeza. Anayekuuliza akiwa na tope miguuni, mkaribishe ndani na tope lake, maana huenda naye anajua nusu ambayo wewe huna. Ukiona hatari inamjia mwenzako, usiseme "ataona mwenyewe." Sema. Akikudharau, sema tena. Na ukishanyamaza kwa kosa, usimwache mwingine abebe mzigo wako hata kwa siku moja, kwa sababu siku moja yatosha kumvunja mtu maisha yake yote. Wala usijidanganye kwamba toba hurudisha waliokwenda. Baba alitubu kwa kweli, na Awuor yuko kaburini.

Nenda kwa jirani asubuhi. Usimpelekee maneno mengi. Mwulize mahindi yake yanaliwa wapi, yeye akuonyeshe, nawe umwonyeshe.

Sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba zetu akulinde nchi kavu na majini. Akupe macho ya kuona mapema na kinywa cha kusema mapema. Watoto wako wakuulize bila kukuogopa, na wazee wakusikilize bila aibu. Na siku ile watu watakapokusanyika uani kwako wakati wewe huwasikii tena, wasitafute wa kumlaumu. Waseme tu: alituambia.